Jibu: Diski ya nje ipi ya kuchomeka kwenye NAS (kiboksi cha kuwekea mafaili kwenye mtandao wa nyumbani), hapa Wete

Yakhe, umeuliza uchukue zile mbili ndogo za mfukoni au diski moja kubwa yenye adapta yake ya umeme. Mie nakwambia kubwa, ile ya inchi 3.5. Ndogo zinakula umeme wa USB, na tundu la USB 2.0 kwa kawaida ni miliampia 500 tu, sasa ukichomeka mbili kwenye kiboksi kimoja utasikia tik, tik, tik halafu diski inapotea kwenye mtandao na wewe unaanza kuilaumu diski bure. Kitu chengine, zile ndogo nyingi ni SMR, yaani mistari ya data inalaliana kama makuti ya paa, kuweka picha za harusi haina neno lakini ukiandika mafaili mengi kwa mpigo inakuwa goigoi, kwenye RAID, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, ndo usiitie kabisa. Hata WD Red, diski za Western Digital zinazouzwa kwa ajili ya NAS, mwaka 2020 ilibainika baadhi ya zile za 2TB mpaka 6TB ni SMR, kwa hiyo soma namba ya modeli kabla hujatoa pesa. Fomati kwa ext4, mpangilio wa mafaili wa Linux, sio FAT32 ya zamani, hiyo FAT32 faili likifika 4GB haipokei. Na UPS, betri ya akiba umeme ukikatika, usiache, umeme wetu unaujua.