Upasuaji umeahirishwa kwa sababu damu ni kidogo: je, aongezewe damu au angoje?

Dada uliyeuliza kama familia imshinikize daktari ili mgonjwa wenu aongezewe chupa mbili za damu na kutolewa faibroidi (uvimbe wa kizazi usio saratani) wiki hii hii, nimekuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji hapa Kampala kwa miaka mingi, na kwa maoni yangu daktari aliyeahirisha amewatendea haki. Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa kuwa na himoglobini, yaani kiini cha damu kinachobeba oksijeni, isiyopungua gramu 12 kwa desilita. Mgonjwa wenu akiingia kwenye upasuaji unaoweza kumwaga damu nyingi kwa muda mfupi akiwa na 7.6 yake, hana akiba ya kumvusha.

Chupa moja ya damu humpandisha mtu mzima kwa takriban 1 tu. Kwa hiyo hata hizo mbili hazitamfikisha mbali, na hedhi nzito iliyomfikisha hapo itaendelea kumpunguza mwezi ujao. Isitoshe, akiba ya benki ya damu ya Nakasero hupungua shule zinapofungwa, kwa kuwa wanafunzi ni sehemu kubwa ya wachangiaji. Nimeshuhudia chupa iliyotengwa kwa mgonjwa wa kupangwa ikipelekwa kwa mzazi anayevuja damu, na sikuona wa kulaumiwa. Mgonjwa aliyetulia huongezewa damu hasa anaposhuka chini ya 7, au anapohema na moyo kumwenda mbio.

Kinachomfaa mgonjwa wenu ni muda na madini ya chuma, pamoja na dawa ya kupunguza hedhi, ambayo msisahau kumwuliza daktari wa wanawake, kwani bila hiyo mtakuwa mnajaza huku panavuja. Kidonge cha kawaida cha feras salfeti cha miligramu 200 kina takriban miligramu 65 za chuma chenyewe. Watu hudhani kwamba akimeza vitatu kwa siku atapona mara tatu upesi, lakini mwili ukishapokea dozi moja, ini hutoa homoni inayozuia utumbo kufyonza chuma zaidi kwa takriban siku nzima. Kinachobaki humletea kichefuchefu na kufunga choo, kisha anaacha dawa kimyakimya. Kimoja kwa siku, au hata siku moja baada ya nyingine kama daktari atakavyoelekeza, kinatosha. Akimeze kwa maji au juisi ya chungwa, tumbo likiwa tupu ikiwa anaweza kuvumilia, na chai ya maziwa, ambayo huzuia chuma kufyonzwa, isogezwe mbele kwa saa mbili. Hapo ndipo wagonjwa wangu wengi hukwama, kwa sababu kidonge na chai ya asubuhi kwetu huandamana.

Akiitikia vizuri, himoglobini inaweza kupanda kwa 2 hivi katika wiki tatu au nne. Kama faibroidi haziwezi kungoja kiasi hicho, kuna chuma cha kuwekwa kwa dripu, ingawa bei yake huwatisha wengi.

Kuhusu juisi ya bitiruti mnayomnywesha, haina ubaya, ila rangi nyekundu si ushahidi wa chuma. Ningemwekea maini, mukene (dagaa), maharagwe, na dodo (mchicha) iliyokamuliwa limau, kwani matoke na mchuzi mtupu havimjengi. Mukene humpa pia protini ambayo kidonda kitaihitaji ili kifunge. Hata hivyo, chakula peke yake hakiwezi kufidia upungufu huo kwa wiki chache.

Usikubali pia kwamba hedhi ndiyo sababu pekee kabla ya vipimo. Feritini huonyesha akiba ya chuma. Choo huonyesha minyoo ya safura, ambayo hutibika kwa albendazoli. Na selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu, ipimwe kama haijawahi kupimwa, maana daktari wa usingizi hubadilisha mipango yake akiikuta. Anayetumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi anaweza kukosa vitamini B12, na huyo chuma pekee hakitamsaidia.

Damu ipimwe tena baada ya wiki tatu hivi. Isipopanda, mwambieni daktari kama anatumia omeprazoli au dawa nyingine ya asidi ya tumbo, kwani hupunguza ufyonzaji. Choo chake kitakuwa cheusi kwa ajili ya vidonge, na hilo ni la kawaida. Kikiwa cha kunata kama lami na chenye harufu kali, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.