Kazi ya mtaalamu wa fiziotherapia si kukanda tu
Ndugu, umeuliza kama mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ndogo ana kazi nyingine zaidi ya kukanda misuli. Anayo, tena nyingi, kwa kuwa mahali penye mtaalamu mmoja au wawili, yuleyule anayemsimamisha mgonjwa wa kiharusi asubuhi ndiye atakayemzoeza kukaa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, kisha aende wodini kumsaidia aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga kushuka kitandani, mara nyingi siku inayofuata upasuaji, ili kupunguza hatari ya damu kuganda miguuni. Mtazame anavyoushika mkanda kiunoni mwa mgonjwa huku akihesabu naye hatua tatu za kwanza. Kukanda ni sehemu ndogo mno. Kubwa ni mazoezi ambayo mgonjwa na jamaa zake watayaendeleza nyumbani.