Mtihani ndani ya jumba la maonyesho

SWALI: Shikamoo Mzee. Binti yangu anasoma chuo Melbourne, Australia. Anasema mitihani wanafanyia kwenye jumba la maonyesho lenye kuba kama la kanisa. Ananitania?
Mama Rehema, Morogoro

JIBU: Marahaba, Mama Rehema. Hakutanii hata kidogo. Jumba hilo lilijengwa kwa ajili ya maonyesho ya kimataifa ya 1880, na kuba lake msanifu wa jengo, Joseph Reed, aliiga la kanisa kuu la Florence, Italia. Wageni walipoondoka, ukumbi ule mkubwa ukaanza kutafutiwa kazi.

Na kazi ilipatikana! Mei 9, 1901, Bunge la kwanza la Shirikisho la Australia lilifunguliwa humo. Kisha wabunge wa Shirikisho wakachukua jengo la bunge la Victoria, jimbo lenye mji huo wa Melbourne, na wale wa jimbo wakahamishiwa jumba la maonyesho hadi 1927. Yaani mgeni kapewa kitanda, mwenye nyumba kalala sebuleni. Wanasiasa wetu wangekubali? Sijui wewe, mimi nacheka.

Mwaka 1919, mafua makali yalipoua watu, vilipangwa humo vitanda vya wagonjwa. Mwaka 1956, kwenye Olimpiki, wakaingia wanamieleka na wanyanyua vyuma. Wapo waliotaka libomolewe. UNESCO ikaliingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2004.

Mwambie binti, akimaliza karatasi mapema, ainue macho atazame ile michoro ya juu. Ila msimamizi asije akadhani anatafuta majibu.