Maswali ya Wasomaji: Kiingereza cha Chuo Kikuu Kabla ya Masomo Kuanza

Barua za toleo hili zimetoka kwa wasomaji wanaojiandaa kwenda nje kusoma katika vyuo vinavyofundisha kwa Kiingereza. Tumezifupisha bila kugeuza maana.

Swali: Ndugu Mshauri, nimepata udahili wenye masharti wa shahada ya uzamili nchini Uingereza. Chuo kinataka alama 6.5 katika IELTS, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, na pasiwepo sehemu iliyo chini ya 6.0. Mimi nimepata 6.5 kwa jumla, lakini kwenye kuandika nimeambulia 5.5. Wameniambia nirudie mtihani au nisome kozi yao ya maandalizi ya wiki kumi kabla ya muhula kuanza. Kozi ina ada yake, tena si ndogo. Je, si afadhali nirudie mtihani?

Jibu: Ukitazama fedha peke yake, ni afadhali urudie. Kama ulikosa ile nusu alama kwa sababu ulikuwa mgonjwa au muda ulikuishia, jaribu tena bila wasiwasi. Siku hizi upo hata utaratibu wa kurudia sehemu moja tu ya IELTS badala ya zote nne, ila si kila chuo kinayapokea matokeo ya namna hiyo, kwa hiyo iulize kwanza ofisi ya udahili na upate jibu kwa maandishi. Lakini kama umeshafanya mtihani huo zaidi ya mara moja na alama ya kuandika haisogei, kuendelea kulipia mtihani ule ule hakutakufundisha kuandika.

Tazama mtihani wenyewe unachodai. Sehemu ya kuandika huchukua saa moja na ina kazi mbili: ya kwanza ni kueleza grafu, jedwali au mchoro kwa maneno yasiyopungua 150, na ya pili ni insha ya maneno yasiyopungua 250 juu ya mada ambayo mtahiniwa anakutana nayo pale pale. Hakuna kitabu cha kurejea, na hoja zote zinatoka kichwani mwake. Chuoni mambo ni kinyume chake: insha moja inaweza kufika maneno elfu mbili au tatu, huandikwa kwa wiki kadhaa, na kila dai zito linatakiwa lionyeshe limetoka wapi na kwa nini liaminiwe. Mtu anaweza kuufaulu mtihani vizuri kabisa na bado akakwama mbele ya kazi yake ya kwanza, kwa kuwa hajawahi kuifanya.

Kozi iliyopangwa vizuri inampitisha mwanafunzi katika kazi hiyo kabla haijaanza kuhesabiwa kwenye shahada yake. Anachagua mada ya fani yake, anatafuta makala, anaandika rasimu, mkufunzi anairudisha ikiwa na maoni pembeni, anaiandika upya, kisha anaieleza mbele ya wenzake na kujibu maswali yao. Kwa maoni yangu, ada ya kozi inalipia ile rasimu ya pili kuliko kitu kingine chochote. Kwa hiyo kabla hujalipa, uliza ni rasimu ngapi zitakazosomwa na kurudishwa kwako zikiwa na maoni. Uliza pia kama kufaulu kozi kunaliondoa sharti la lugha bila kurudia mtihani, na kama karatasi za viza zitahusu kozi pamoja na shahada au itakubidi uombe mara mbili. Nchini Uingereza kipo chama cha wataalamu wa kufundisha Kiingereza cha kitaaluma, BALEAP, ambacho chimbuko lake ni mwaka 1972 na ambacho hukagua na kuithibitisha baadhi ya kozi hizi. Si vibaya kuangalia kama yako imo. Jihadhari na kozi inayojiita ya kitaaluma huku kazi yake yote ni kufanyisha watu mitihani ya miaka iliyopita.

Swali: Nimesoma kwa Kiingereza tangu sekondari hadi shahada ya kwanza, na ninakizungumza bila shida. Nikishauriwa kuchukua kozi ya lugha ninahisi ninadharauliwa. Nina haja nayo kweli?

Jibu: Huenda huna haja na kozi ndefu, lakini usiupime uwezo wako kwa wepesi wa kuzungumza. Mwaka 1979 mtafiti Jim Cummins wa Kanada alitenganisha lugha ya mazungumzo ya kila siku na lugha ya kitaaluma, akionya kwamba ya kwanza huja mapema na inaweza kuficha upungufu wa ya pili. Yeye alikuwa akiwazungumzia watoto wa shule, ila wakufunzi wa vyuo vikuu wanaliona jambo hilo kila mwaka kwa watu wazima. Kuna pia upande wa msamiati. Mwaka 2000 Averil Coxhead, mtafiti wa New Zealand, alichapisha orodha ya familia 570 za maneno (kila familia ni neno pamoja na maneno yanayotokana nalo) ambayo si ya somo lolote moja bali hurudi rudi katika maandishi ya sheria, sayansi, biashara na sanaa, na kwa pamoja hufikia takriban asilimia 10 ya maneno ya matini za kitaaluma. Ni maneno ya kudokeza, kuchanganua, kukadiria na kuhitimisha. Sokoni na nyumbani huyasikii, kwa hiyo wepesi wa mazungumzo hauyaleti.

Hata hivyo, msamiati si tatizo kubwa kuliko yote, kwani unaweza kuusoma peke yako. Kigumu zaidi ni kupima uzito wa dai. Chukua sentensi hii ya mwanafunzi: «Kutolala vya kutosha kunawafelisha wanafunzi.» Sarufi yake ni safi, lakini mhadhiri atauliza: wanafunzi wote? Nani amechunguza? Je, hakuna sababu nyingine? Sasa linganisha na hii: «Katika madarasa yaliyochunguzwa, wanafunzi waliolala saa chache walielekea kupata alama za chini, ingawa huenda kufanya kazi usiku kulichangia yote mawili.» Ya pili inadai machache kuliko ya kwanza na inaaminika zaidi, na hata mtu akiipinga atajua hasa anapinga nini. Wapo wanaoona kwamba kuandika hivyo ni woga. Mimi naona ni uaminifu kwa ushahidi ulionao. (Na wapo wanaojifunza mtindo huu leo, kesho wanatia «huenda» tatu katika sentensi moja mpaka dai lenyewe linatoweka. Hilo nalo mkufunzi atalikata.)

Jipime hivi: chukua makala moja ya utafiti katika fani yako, isome, kisha andika ukurasa mmoja unaoeleza mwandishi anadai nini, anategemea ushahidi gani, na wewe unakubaliana naye kwa kiasi gani. Kama ukurasa wako unaeleza yaliyomo tu na hukumu yako haionekani, kozi fupi itakufaa.

Swali: Katika kozi yangu ya maandalizi nilirudishiwa insha, mkufunzi akisema nimeiba maandishi. Nilibadilisha maneno na nikataja jina la mwandishi. Nilikosea wapi?

Jibu: Sijaiona insha yako, lakini maelezo yako yanafanana na kosa moja linalojulikana sana. Tuseme makala inasema: «Mabwawa makubwa hupunguza mafuriko katika sehemu za chini za mto, lakini pia huzuia tope lenye rutuba lisifike mashambani.» Mwanafunzi anaandika: «Mabwawa makubwa yanapunguza mafuriko kwenye maeneo ya chini ya mto, ila yanazuia udongo wenye rutuba kufika mashambani.» Hapo maneno machache yamebadilishwa, ila mpangilio wa sentensi na mwendo wa wazo vimebaki vya mwandishi wa makala. Jina la mwandishi linaonyesha wazo limetoka wapi. Haliyafanyi maneno kuwa yako. Ungetaka kuyatumia kama yalivyo, ungeyatia katika alama za kunukuu.

Njia inayosaidia ni kuisoma aya mpaka uielewe, kuifunga makala, kisha kuandika kile unachokihitaji kwa ajili ya hoja yako mwenyewe. Ukifanya hivyo unaweza kuishia na sentensi kama hii: «Kwa mtazamo wa mwandishi huyu, mkulima anayenufaika na bwawa kwa kuepushwa na mafuriko ndiye huyo huyo anayepoteza rutuba.» Chanzo ni kile kile, jina linatajwa vile vile, lakini sasa msomaji anaona umelielewa wazo na unalipeleka mahali. Baada ya hapo fungua tena makala uhakikishe hukumsingizia mwandishi jambo ambalo hakulisema.

Ushukuru kwamba hili limetokea kwenye kozi. Huko hurudishwa kwa maelezo. Ndani ya shahada kosa hilo hilo linaweza kukufikisha mbele ya kamati ya nidhamu.

Swali: Kozi yangu itaisha wiki moja kabla ya masomo. Nikishindwa kuufuata mhadhara nifanye nini?

Jibu: Vyuo vingi vina madarasa ya Kiingereza cha kitaaluma yanayoendelea sambamba na masomo, mara nyingi bila malipo ya ziada, pamoja na miadi ya ana kwa ana na mkufunzi wa uandishi. Jiandikishe wiki ya kwanza, kwa kuwa nafasi hujaa mapema kazi za kwanza zinapotolewa. Kuhusu mhadhara wenyewe, soma slaidi na makala iliyopangwa kabla ya kuingia, ili masikio yako yawe yanasubiri majina na istilahi unazozijua tayari. Usijaribu kuandika kila neno. Andika hoja, acha nafasi pembeni, na jioni ile ile rudi ujaze palipobaki wazi. Mhadhara ukirekodiwa, sikiliza tena zile dakika zilizokupita tu, si saa nzima.