Wivu na husuda ni kitu kimoja?

SWALI: Shikamoo dada, mi nipo Nkuhungu hapa Dodoma, jirani yangu shamba lake la zabibu kule Hombolo limezaa kweli na bei kapata, roho inaniuma, sasa mume wangu ananiita hasidi, ni sawa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hapo kakuonea. Wivu ni kutamani na wewe upate kama mwenzio, au kuogopa kunyang'anywa ulichonacho, ndo maana kwenye mapenzi tunasema wivu, hakuna anayemwonea mumewe husuda. Husuda, yaani kijicho, ni kutaka zabibu za mwenzio zikauke hata kama we hupati kitu, na huyo ndo hasidi. Jiulize kwa ukweli, mzigo wake ukioza utafurahi? Kama hapana basi ni wivu tu, nenda kamuulize miche kaitoa wapi.