Kidude cha RIPE Atlas nikiiteje?

SWALI: Kaka mambo, nimeletewa kile kidude cha RIPE Atlas cha kupima intaneti, nimekichomeka kwenye ruta hapa sebuleni na taa zinawaka vizuri tu. Sasa kwenye akaunti pana sehemu ya maelezo ya kifaa nikaandika jina langu kamili na mtaa, mke wangu akaniambia baba Neema umejianika. Ni kweli? Na hao wanaopima wanajuaje wachague kidude kipi?
Baba Neema, Morogoro

JIBU: Baba Neema, shemeji yuko sahihi, kafute leo. Kama kidude umekiacha hadharani, hayo maelezo yeyote anayasoma. Wenyewe RIPE NCC, shirika la kule Amsterdam linaloendesha hivi vidude, nukta yako kwenye ramani wanaisogeza kidogo makusudi isiangukie nyumbani kwako, afu wewe unaandika mtaa! "Nyumbani Moro, faiba" inatosha kabisa, hilo jina ni la kukukumbusha wewe tu, mfumo unakitambua kwa namba yake.

Wanaopima wanachagua kwa nchi, kwa namba ya mtandao wa kampuni inayokupa intaneti yaani ASN, au kwa tegi, yaani vineno vya kukielezea kidude. Tegi nyingine mfumo unazibandika wenyewe, mfano kwamba IPv6 (anwani za intaneti za aina mpya) hapo inafanya kazi, nyingine unaweka wewe, na hapo ndo watu tunaharibu. Mimi changu nilikihamisha toka ofisini kuja nyumbani, ASN ikabadilika yenyewe manake wanaisoma kwenye anwani ya IP, ila tegi ya ofisi nikaisahau miezi mitatu, kwahiyo mtu aliyetaka intaneti ya maofisini alikuwa anapimia sebuleni kwangu jioni watoto watatu wako kwenye katuni. (Kidude hakichungulii mnachoangalia, kinarusha vipimo vyake vidogo tu kama pingi, yaani kuuliza mtandaoni na kuhesabu jibu limechukua muda gani, lakini laini ikijaa majibu yanachelewa.)

Na wewe ukianza kupima usiombe tu vidude 10 vya Tanzania, unaweza ukapewa vilivyorundikana kampuni moja au kwenye senta ya data yenye jenereta, afu unatangaza intaneti ya bongo iko fresh. Taja ASN unayoitaka, vyenye tegi ya senta ya data viondoe. Krediti, yaani pointi za kulipia vipimo, unazo tayari, kidude kikiwa hewani unapata 15 kwa dakika, siku nzima 21,600, ila ukizima ruta usiku na zenyewe zinasimama.