Maji ya Ziwa Turkana: ni ya chumvi au ya magadi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa jiografia. Mto Omo ni wa maji matamu, mbona Ziwa Turkana, linalopokea maji yake, lina chumvi? Yakichemshwa yanafaa kunywa? Na jina Rudolf la kwenye ramani za zamani lilitoka wapi?

JIBU: Mwalimu, wapagazi waliofika ziwani Machi 1888 walikutana na swali lako kwa ulimi. Msafara wao ulianzia Pangani, ukiongozwa na Mhungaria Sámuel Teleki na luteni Ludwig von Höhnel wa jeshi la majini la Austria, pamoja na mfanyabiashara wa pembe, Jumbe Kimemeta. Baada ya kiu ya jangwani walilikimbilia ziwa kwa vifijo, wakajitosa, kisha wakatoka wamenywea. Maji hayakuwa matamu.

Omo huleta takriban asilimia 90 ya maji, yenye madini kidogo sana, lakini ziwa halina pa kutokea. Kila mwaka jua na upepo huchukua kina cha zaidi ya mita 2. Mvuke huondoka, madini hubaki. Na kwa kuwa miamba ya volkeno hutoa sodiamu na baikaboneti kwa wingi, ladha yake ni ya magadi zaidi. Yasugue vidoleni: yanateleza, kama maji ya maharagwe yaliyotiwa magadi. Chumvi yote ni kama gramu 2.5 kwa lita, wakati bahari ina 35. Maelfu ya miaka iliyopita, enzi ya mvua nyingi, ziwa lilifurika hadi bonde la Nile na kujisuuza; sangara na mamba wa Nile waliomo ni ushahidi.

Jina lilikuwa heshima kwa Rudolf, mrithi wa kiti cha Austria na Hungaria, ambaye hakuwahi kuliona na alifariki Januari 1889. Ziwa Chew Bahir la Ethiopia wakaliita Stefanie, jina la mkewe. Hayo hayakumweleza mtu lolote juu ya maji, na mimi nafurahi kwamba Kenya ililibadilisha mwaka 1975. Höhnel mwenyewe alikuwa ameandika jina alilolikuta, Basso Narok, yaani ziwa jeusi.

Kuhusu kuchemsha, tafadhali waeleze wanafunzi waziwazi: kunaua vijidudu, hakuondoi floridi, ile inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia na kudhuru mifupa ikizidi. Maji yakipungua sufuriani, floridi inakolea. Kisima kilichopimwa ni salama zaidi. Darasani, anika lita moja ya maji ya ziwa kwenye sinia hadi ikauke, kisha wakwangue ule ukoko mweupe: utakuwa kama nusu kijiko cha chai.